Moyo na Safari ya Damu Mwilini

Katika lugha yetu moyo umetwikwa mizigo mingi. Mtu akikata tamaa twasema amekufa moyo. Akitiwa nguvu twasema ametiwa moyo. Mkarimu ana moyo mkunjufu, na mwenye huzuni ana moyo mzito. Hata mtu aliyekula chakula kibovu husema moyo wamchafuka, ingawa kinachochafuka ni tumbo. Kwa kuwa neno hili lina kazi nyingi hivi, ni rahisi kusahau kwamba moyo wenyewe ni kiungo cha nyama, chenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe na uzito wa gramu zipatazo 300, na kwamba kazi yake ni moja tu, nayo ni kusukuma damu. Mtu akiielewa kazi hiyo vizuri, ataelewa pia kwa nini madaktari hutuhimiza kupimwa msukumo wa damu, ambao wengi huuita presha, hata siku ambayo hatuumwi na kitu chochote.

MAFUNDISHO YA ZAMANI

Kwa muda wa miaka ipatayo 1400 matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walifuata mafundisho ya Galen, tabibu Myunani aliyeishi katika karne ya pili. Yeye alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini kutokana na chakula, kisha hutiririka hadi kwenye viungo, na huko hutumika ikaisha, nalo ini hutengeneza nyingine. Mkulima aliyewahi kunywesha shamba lake kwa mfereji atalifahamu wazo hilo mara moja. Maji hutoka mtoni, hugawanyika katika vijifereji, hunywewa na udongo, wala hayarudi tena yalikotoka.

Galen alisema pia kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa vitundu vidogo visivyoonekana. Katika karne ya 13 tabibu mmoja mzaliwa wa Dameski aliyefanya kazi mjini Kairo, jina lake Ibn al-Nafis, alikataa neno hilo. Alisema ukuta ulio kati ya pande mbili za moyo ni mnene, hauna vitundu, kwa hiyo damu haina budi kupitia mapafuni ili ifike upande wa pili. Alisema kweli, lakini Ulaya maneno yake hayakusikika kwa muda mrefu.

HESABU YA BWANA HARVEY

Mtu aliyeupindua mfereji wa Galen alikuwa Mwingereza, William Harvey, aliyesomea uganga Padua katika nchi ya Italia. Mwaka 1628 alitoa kitabu kidogo kilichopigwa chapa mjini Frankfurt. Hoja yake kubwa ilikuwa hesabu ambayo karani yeyote angeweza kuifanya. Alikadiria damu itokayo moyoni kwa pigo moja, akachagua kiasi kidogo kwa makusudi asije akalaumiwa kwa kuzidisha, kisha akahesabu mapigo ya moyo kwa nusu saa. Akaona kwamba katika nusu saa tu moyo hutoa damu nyingi kuliko ile yote iliyomo mwilini. Je, ini laweza kutengeneza damu nyingi namna hiyo? Mtu angekula chakula gani? Haiwezekani. Basi hapana budi iwe damu ni ile ile, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi.

Harvey alionyesha na jambo la pili, ambalo msomaji aweza kulijaribu mwenyewe nyumbani. Uache mkono uning'inie mpaka mishipa ionekane vizuri. Mtu aliyezoea jembe haoni taabu kuipata. Weka kidole kimoja juu ya mshipa mmoja wa kigasha, upande ulio karibu na kiganja, ubonyeze. Kwa kidole cha pili sukuma damu kuelekea kiwiko, kisha inua kidole hicho cha pili. Utaona sehemu ya mshipa inabaki tupu, maana damu iliyokwisha pita juu haikubali kurudi chini. Sasa inua kidole cha kwanza, na mara mshipa utajaa tena kutoka upande wa kiganja. Sababu ni kwamba ndani ya mishipa hii mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea moyoni tu. Basi damu ya mishipa hii huelekea nyumbani wala haitoki.

Jambo moja Harvey hakuliona, nalo ni njia ambayo damu huvuka kutoka mishipa ya kwenda na kuingia katika mishipa ya kurudi. Alikufa mwaka 1657. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Mwitalia Marcello Malpighi alitazama mapafu ya chura kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akaona mishipa myembamba mno inayounganisha pande hizo mbili. Hapo duara ikakamilika.

PAMPU MBILI KATIKA KIUNGO KIMOJA

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na kwa kweli ni pampu mbili zilizoshikamana. Damu iliyokwisha tumika, ambayo rangi yake ni nyekundu iliyoiva sana, hurudi katika chumba cha juu cha kulia, hushuka katika chumba cha chini, nacho huisukuma mapafuni. Huko hutoa hewa chafu na kuchukua hewa safi ya oksijeni. Kisha huja upande wa kushoto wa moyo, chumba cha juu kwanza na cha chini baadaye, nacho huisukuma katika mshipa mkuu upelekao damu mwili mzima. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko ule wa kulia. Hilo si ajabu, maana wa kulia hupeleka damu kwa jirani yake tu, yaani mapafu, bali wa kushoto huipeleka toka utosini hata nyayoni.

Kati ya vyumba, na mahali damu itokapo, mna milango minne ambayo hufunguka upande mmoja tu. Watu wengi hudhani kwamba sauti ambayo daktari huisikiliza kifuani ni moyo unaogonga mbavu. Sivyo. Sauti zile mbili, ya kwanza nzito na ya pili fupi, ni za milango hiyo inapojifunga.

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Kila pigo hutoa damu kama vijiko vikubwa vitano, na mtu aliyetulia ana mapigo yapatayo 70 kwa dakika. Tukizidisha, twaona kwamba lita 5 nzima hupita moyoni kila dakika. Kwa siku moja jumla yake ni lita 7200 hivi, yaani madebe 360 ya lita 20, kwa mapigo zaidi ya 100,000. Hapana kibarua awezaye kuchota maji namna hiyo usiku na mchana kwa miaka 70.

Moyo wawezaje? Jibu ni kwamba nao hupumzika, ila mapumziko yake ni mafupi. Kila baada ya kujikaza hulegea kitambo kidogo, na kitambo hicho cha kulegea ni kirefu kuliko kile cha kujikaza. Wakati huo ndipo vyumba hujaa damu, na wakati huo ndipo nyama ya moyo yenyewe hupata sehemu kubwa ya chakula chake. Maana moyo hauli damu iliyomo vyumbani mwake. Una mishipa yake maalum inayoulisha kutoka nje. Mshipa mmojawapo ukizibwa, sehemu ya nyama ya moyo hufa kwa kukosa oksijeni, na huo ndio ugonjwa wa moyo unaomwangusha mtu ghafula.

PRESHA NI NINI?

Maji yapitayo katika bomba husukuma kuta za bomba. Vivyo hivyo damu husukuma kuta za mishipa, na nguvu hiyo ndiyo presha. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza mfuko wa kufunga mkononi na kujazwa hewa, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov alionyesha jinsi ya kupima kwa kusikiliza. Mfuko hujazwa hewa mpaka damu isipite kabisa, kisha hewa hupunguzwa polepole. Damu inapopenya kwa mara ya kwanza husikika mgongo wa pigo. Hiyo ndiyo namba ya juu, nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza. Sauti ikitoweka, hiyo ni namba ya chini, nguvu iliyobaki wakati moyo unapolegea. Namba za kawaida ni kama 120 juu ya 80. Zikifika 140 juu ya 90, na zikikutwa hivyo zaidi ya siku moja, presha imepanda.

Ubaya wa presha ni kwamba haitoi taarifa. Mtu hulima, huandika barua za ofisi, hula na kulala vizuri. Lakini ndani, ukuta wa moyo unaongezeka unene kwa sababu ya kusukuma kwa nguvu kupita kiasi, mpaka mwisho unachoka. Mishipa inakuwa migumu. Figo, ambazo huchuja damu kwa mishipa myembamba sana, zinaharibika. Na mshipa wa ubongo ukipasuka au kuziba, mtu hupatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja au akafa. Jirani husema alikuwa mzima jana. Hakuwa mzima, hakupimwa.

HABARI ZA KWETU KENYA

Wako wasemao kwamba maradhi haya ni ya matajiri na ya wageni. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli fulani. Mwaka 1929 daktari mmoja, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, alitangaza habari za vipimo vya wanaume wapatao 1000. Aliona kwamba presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka, tofauti na ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya.

Je, ilikuwa ni sababu ya damu yetu au ya maisha yetu? Jibu lilitolewa mwaka 1990, wataalamu walipotangaza habari za Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kukaa Nairobi. Waliwalinganisha na ndugu waliobaki nyumbani. Waliofika mjini walionekana kuwa na presha ya juu zaidi, na hilo lilianza baada ya muda mfupi tu. Uzito wao uliongezeka, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi na kupata kidogo zaidi ile potasiamu ipatikanayo katika ndizi, viazi, maharagwe na mboga. Watu ni wale wale, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni sahani na mwendo wa maisha.

Tangu hapo maisha ya mjini yamekwisha fika vijijini. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kupimwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haina maumivu. Keti kitako dakika tano kabla ya kupimwa, usiwe umetoka kukimbilia basi wala kunywa kahawa, na ukipewa namba ziandike katika daftari pamoja na tarehe, kama uandikavyo maziwa ya ng'ombe wako. Namba moja peke yake haitoshi kuhukumu. Namba za miezi mingi ndizo zinazosema kweli.

Pili, chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa katika mkate na vyakula vya dukani. Desturi ya kuweka kibakuli cha chumvi mezani na kunyunyiza kabla ya kuonja yafaa iachwe. Tena tumbaku huharibu mishipa, pombe nyingi hupandisha presha, na karani aketiye kutwa nzima hana budi kutafuta mwendo wa miguu, ambao mkulima anaupata bure.

Tatu, dawa. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu hupewa vidonge, baada ya mwezi hupimwa, huambiwa presha imeshuka, naye hufurahi akaacha kumeza, kwa kuwa amezoea dawa za malaria ambazo mtu humaliza akapona. Vidonge vya presha si vya namna hiyo. Presha imeshuka kwa sababu ya vidonge. Vikiachwa, nayo hupanda tena, kimya kimya kama ilivyopanda kwanza. Mtu asiache wala asipunguze ila kwa shauri la daktari, na kama dawa zamsumbua au fedha zimempungukia, amweleze daktari wazi ili wapatane juu ya dawa nyingine.

Mwisho, mwenye wazazi waliofika umri wa miaka 40 na kuendelea asingoje walalamike. Wazee wetu hawana desturi ya kwenda hospitali bila maumivu, na presha haiwapi maumivu. Basi siku mama aendapo sokoni au baba apelekapo mazao yake, afuatane naye mpaka zahanati iliyo karibu, wapimwe wote wawili, yeye na mzazi wake.