Ugonjwa wa Macho Mekundu

Asubuhi mtoto mmoja wa Butembo anaamka, lakini macho yake hayafunguki. Kope zimeshikamana kana kwamba zimepakwa ulimbo. Mama yake anazilainisha kwa maji ya uvuguvugu. Macho yanapofunguka, sehemu nyeupe yote imekuwa nyekundu, na machozi yanatiririka. Mtoto analia kwamba kuna mchanga ndani ya jicho. Nyanya anataka kumkamulia maji ya majani machoni. Baba anataka kununua dawa ya matone kwa mchuuzi wa sokoni. Je, nani kati yao anafanya vema? Hakuna hata mmoja.

Sehemu nyeupe ya jicho na upande wa ndani wa kope hufunikwa na utando mwembamba sana. Vijidudu vikiingia katika utando huo, huvimba, na mishipa yake midogo ya damu hutanuka. Ndiyo sababu jicho laonekana jekundu. Waganga huuita ugonjwa huo konjonktiviti. Watu wengi wa Afrika huuita Apolo. Jina hilo lilitoka wapi? Mwaka 1969 ugonjwa mkali wa macho ulizuka Accra, mji mkuu wa Ghana. Mwaka uleule chombo cha Wamarekani kiitwacho Apollo 11 kilifika mwezini. Watu wakaupa ugonjwa jina la chombo hicho, na jina likaenea pamoja na ugonjwa.

Macho mekundu yana namna tatu. Namna ya kwanza huletwa na virusi. Machozi ni mengi kama maji; ugonjwa huanza katika jicho moja, na baada ya siku moja au mbili hushika la pili. Kwa kawaida hupona wenyewe kwa wiki moja au mbili. Namna ya pili huletwa na bakteria. Hapo hutoka usaha mzito wa rangi ya manjano, na muuguzi huweza kutoa marhamu ya tetrasiklini. Namna ya tatu huletwa na vumbi la barabara, moshi wa jikoni, au mavumbi ya maua. Macho huwasha sana, lakini mtu hamwambukizi mwenzake.

Watu wengine husema kwamba kumtazama mgonjwa machoni kwatosha kuambukizwa. Si kweli. Ugonjwa hupita kwa mikono. Mgonjwa hujifuta macho, kisha hushika kalamu, mlango, au mkono wa rafiki. Rafiki naye hujikuna jicho, na vijidudu vimekwisha kuingia. Hupita pia kwa taulo, mto wa kulalia na beseni la kunawia, na nzi huweza kuuchukua. Kwa hiyo mtoto mmoja aweza kuambukiza darasa zima.

Basi, mgonjwa atunzwe namna gani? Kwanza, mwenye kumhudumia anawe mikono kwa sabuni. Achemshe maji safi, ayaache yapoe. Achovye kitambaa safi, afute jicho polepole toka upande wa pua kwenda nje. Jicho la pili lifutwe kwa kitambaa kingine. Halafu vitambaa vichemshwe, na mikono inawiwe tena. Mgonjwa awe na taulo yake peke yake, na akae nyumbani mpaka muuguzi aseme kwamba aweza kurudi masomoni.

Maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama na maji ya sukari visitiwe jichoni kamwe, kwa maana huleta vijidudu vingine. Matone ya sokoni nayo ni hatari. Mengine yana dawa ya kuondoa wekundu upesi, huku ugonjwa ukiendelea kula jicho kwa siri. Mtu huona nafuu leo, na kesho haoni kitu.

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku ileile akiwa na maumivu makali, akishindwa kutazama mwanga, akiona giza, au akiwa na doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni asingoje hata siku moja, kwa sababu aweza kupofuka. Mtoto mwenye macho mekundu, homa, kikohozi na vipele huenda ana surua.

Watu wa Beni na Butembo wana sababu nyingine ya kuangalia. Toka tarehe 1 Agosti 2018 hata 25 Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika nchi hizo. Macho mekundu huweza kuwa moja ya dalili zake, pamoja na homa kali, udhaifu, kutapika na kuhara. Mwenye dalili hizo asiguswe bure. Wauguzi waitwe upesi. Lakini macho mekundu peke yake, bila homa, mara nyingi ni ugonjwa mdogo, wala mtoto asichekwe wala asikimbiwe.

Wakati ule ndoo za maji zenye bomba ziliwekwa milangoni mwa masomo, na watoto walizoea kunawa kabla ya kuingia. Desturi hiyo njema hulinda macho pia. Sabuni ni ya bei ndogo, bali jicho halinunuliwi.

Maswali
1. Taja namna tatu za macho mekundu.
2. Kwa nini kila jicho hufutwa kwa kitambaa chake?
3. Ni dalili gani zaamuru kwenda kituo cha afya siku ileile?