Kopo Tupu la Kupuliza Si Tupu

Siku hizi makopo ya kupuliza yako karibu kila mahali pa kazi. Pita gereji za Moshi mjini, utamwona fundi akipuliza rangi kwenye mlango wa gari. Ingia saluni, gesti, au stoo ya kahawa huko Kibosho, utakuta kopo la dawa ya mbu na mende. Hata fundi bati huyatafuta yakiisha, apate bati la koroboi. Huyu fundi bati ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote.

Ndani ya kopo mna nini? Mna dawa au rangi, na mna gesi ya kuisukuma itoke. Gesi hiyo imeshindiliwa kwa nguvu mpaka sehemu yake kubwa imegeuka maji. Ukibonyeza kidude cha juu, njia hufunguka, na gesi huisukuma dawa nje kama ukungu. Puliza kwa muda, utaona kopo limekuwa baridi mkononi. Gesi ile inapotoka katika hali ya maji huchukua joto la kopo.

Kopo la kupulizia mbu lilitengenezwa na wataalamu wawili wa Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili askari wao wasiugue malaria. Gesi waliyotumia haikuwaka moto. Lakini baadaye iligunduliwa kwamba gesi za aina hiyo zinaharibu ozoni, ile hewa ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalifanya mkataba mjini Montreal, Kanada, wa kuziacha. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Ni jambo jema. Ila gesi iliyowekwa badala yake katika makopo mengi ni ile ile ya kupikia, au ndugu yake. Inawaka upesi sana. Ndiyo maana kopo lina picha ya moto. Hata asiyejua Kiingereza anaweza kuisoma picha hiyo.

Sasa tumrudie fundi bati. Kopo likiacha kutoa dawa, tunasema limekwisha. Dawa imekwisha, lakini gesi imebaki ndani. Fundi anapiga patasi, gesi inafyatuka, cheche moja tu inatosha kumuunguza uso na mikono. Asilitoboe kabisa. Yako makopo mengi ya mafuta na maziwa ya kutengenezea koroboi.

Hatari nyingine ni kulichoma pamoja na takataka. Sufuria ya makande ikichemka sana, mvuke huinua kifuniko ukatoka. Kopo hili halina kifuniko cha kuinuka. Gesi hupata joto, hutafuta njia, haipati, na kopo hupasuka kwa kishindo. Vipande vya bati huruka, na wanaosimama karibu na moto mara nyingi ni watoto. Lisipate joto la kufikia nyuzi 50. Basi usiliache juani ndani ya gari lililofungwa vioo, wala karibu na jiko.

Huko juu mlimani, mwezi wa Juni na Julai, watu hufunga milango na kuota moto wakiwa kazini. Hapo uangalifu unatakiwa zaidi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ilipo jiko la mkaa. Toa jiko nje kwanza, zima koroboi na sigara, fungua mlango, ndipo upulize. Usirudishe moto mpaka harufu iishe. Na wewe mpiga rangi, kitambaa ulichofunga puani hakizuii mvuke wa rangi. Fanyia kazi nje. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga.

Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala samadi. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15. Kisha mpeleke zahanati, na akiungua sana au usoni, Mawenzi au KCMC bila kuchelewa.

Makopo yaliyokwisha yakusanye kwenye boksi, kivulini, mbali na watoto na shimo la kuchomea taka. Gari la taka likija, mwambie mchukuaji kilichomo.