Damu katika Mkojo Isizoeleke

Yako maradhi ambayo hudumu kwa sababu hayajulikani, na yako mengine ambayo hudumu kwa sababu yamezoeleka mno. Kukojoa damu, katika mkoa wetu wa Morogoro na hasa katika tambarare zilizo chini ya milima ya Uluguru, ni katika fungu hilo la pili. Kijana akiona haja yake ndogo imekuwa nyekundu, wenzake humwambia kwamba ni kichocho tu, kitakwisha. Katika sehemu nyingi za Afrika imewahi hata kuaminiwa kwamba damu hiyo ni dalili ya mvulana kuingia utu uzima. Mazoea hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumzia leo, kwa kuwa ishara hiyo hiyo, ikimtokea mtu wa makamo, huenda ikawa ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya kibofu cha mkojo.

Hatuna budi kuanza na maji. Mito ya Uluguru, yaani Morogoro, Ngerengere, Mgeta, Ruvu na vijito vyake, hupata maji yake katika milima ambayo vilele vyake hupita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Huko juu maji ni baridi na hukimbia kwa kasi, na kwa kawaida konokono wabebao kichocho hawapati utulivu wa kuishi. Lakini yakishafika bondeni hupunguza mwendo. Huingia katika mifereji ya mashamba, katika mashimo yaliyoachwa na wafyatua matofali, katika madimbwi ya kunyweshea ng'ombe na kando ya mabwawa palipoota magugu. Hapo ndipo konokono hao wadogo hustawi. Mkulima wa mlimani ashukaye bondeni kulima mpunga huyapa kisogo maji yasiyo na kichocho akaingia katika maji yenye kichocho, na mara nyingi hana habari.

Mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yaliyomo katika mkojo wake huanguliwa, na vijidudu vitokavyo humo humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa konokono hutoa vijidudu vingine vyenye mkia, hasa saa za mchana jua likiwa kali, ambavyo hutafuta ngozi ya mwanadamu na kuipenya. Mwishowe minyoo dume na jike huishi wamekumbatiana katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na jike hutaga mayai kila siku kwa miaka mingi. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyewagundua minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851.

Yaletayo balaa zaidi kuliko minyoo wenyewe ni mayai. Kila yai lina mwiba. Baadhi hupenya ukuta wa kibofu na kutoka nje, na hiyo ndiyo asili ya damu. Mengine hunasa humo ukutani, hufa, na hatimaye hugeuka kama chembe za chokaa. Mwili hupigana nayo bila kufaulu kuyaondoa. Kidonda kisichopona kwa miaka 20 au 30 huzilazimisha seli za ukuta kujijenga upya kila mara, na zile zilizoumbwa kuhimili mkojo hubadilika zikawa bapa na ngumu, mfano wa seli za ngozi. Katika kujijenga huko kusiko na mpango ndimo saratani huzaliwa.

Madaktari waliofanya kazi Misri walikwisha kuyahusisha mambo haya mawili mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza rasmi kwamba mnyoo wa kichocho cha mkojo ni kisababishi cha saratani kwa binadamu. Ushahidi wa hapa nchini nao upo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, kuhusu wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu katika kanda ya Ziwa, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na ile saratani ya seli bapa. Katika nchi za Ulaya aina hiyo ni nadra sana. Huko kisababishi kikubwa ni sigara, ambayo sumu zake huchujwa na figo na kukaa katika kibofu kwa saa nyingi zikingoja kutolewa. Wavutaji wa hapa petu wasidhani kwamba wao wamesamehewa. Mtu aliyeoga katika madimbwi utotoni, kisha akavuta sigara ukubwani, amejibebesha mizigo miwili.

Shuleni watoto hupewa vidonge vya prazikwanteli, na kazi hiyo ni njema. Watu wazima, lakini, kwa kiasi kikubwa wamekuwa nje ya mpango huo, na hapa ndipo penye mtego tunaoutilia mkazo. Vidonge huua minyoo. Haviondoi mayai ya zamani yaliyoganda ukutani, wala haviondoi uvimbe. Aidha, damu ya saratani ina tabia ya kuja na kupotea yenyewe, tena bila maumivu. Basi mtu wa miaka 45 huona damu, hununua vidonge, damu hukoma baada ya siku chache, naye humshukuru Mungu na kurudi shambani. Kumbe uvimbe upo pale pale, umeacha tu kutoa damu. Baada ya miezi minane hivi damu hurudi, safari hii ikiwa na mabonge, pengine na vipande vyeupe, na mkojo hutoka kwa shida. Kwa akina mama hali huwa ngumu zaidi, maana damu hiyo hudhaniwa kuwa ya hedhi, nao hutibiwa tena na tena kwa maambukizi ya njia ya mkojo.

Kwa hiyo twasema wazi: mtu aliyepita miaka 35 au 40, akiona damu katika mkojo hata mara moja, hata ikiwa imekoma, aombe zaidi ya vidonge. Mkojo wake upimwe, kibofu chake kitazamwe kwa ultrasaundi, na panapo shaka apelekwe kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo. Huyo hupitisha bomba jembamba lenye taa katika njia ya mkojo, akaona kibofu kwa ndani, na kukata kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Wanaume wengi hukiogopa kipimo hiki kuliko ugonjwa wenyewe, nasi hatuwacheki. Ila sehemu hutiwa dawa ya ganzi, na shughuli yenyewe huchukua dakika chache.

Tiba hutegemea kina. Uvimbe ulioshika utando wa juu tu hukwanguliwa kwa kupitia njia hiyo hiyo, pasipo kupasua tumbo. Kisha, kwa saratani ile ya kawaida, kibofu huweza kutiwa dawa ya B.C.G., mara moja kwa juma kwa majuma sita. Msomaji huenda ameshangaa, kwani hii ni jamii ya chanjo ile ile ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto wachanga. Matumizi haya yalianzia Kanada katika miaka ya 1970. Mgonjwa wa namna hii hurudi kuchunguzwa kila baada ya miezi michache, kwani uvimbe hupenda kurejea.

Saratani ya seli bapa, kwa bahati mbaya, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuingia katika msuli, na B.C.G. haiisaidii. Tiba yake kuu ni kuondoa kibofu chote. Madaktari hutumia kipande cha utumbo kuutolea mkojo pembeni mwa tumbo, ambako hukingwa kwa mfuko. Au mirija ya figo huunganishwa na utumbo mpana, mkojo ukatoka kwa njia ya haja kubwa, njia ambayo huwafaa wasioweza kununua mifuko kila mwezi. Wasioweza kupasuliwa hupelekwa kwenye mionzi na dawa za saratani, kama vile katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Tangu Juni 2024 treni ya umeme imeufupisha mwendo wa kutoka Morogoro hadi jijini ukawa chini ya saa mbili, lakini nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, pamoja na mahali pa kulala kwa majuma ya mionzi, bado ni mzigo unaowarudisha wengine nyumbani kabla ya kumaliza tiba.

Jambo moja dogo kwa atakayekwenda hospitali. Daktari akimwuliza habari zake, asianzie mwezi uliopita. Ataje pia kijiji alichokulia, mto au bwawa alilokuwa akioga, na iwapo aliwahi kukojoa damu utotoni, hata kama imepita miaka 30.