Usizibe Kutu: Maungio ya Bodi ya Land Rover Kuukuu

Land Rover za Series bado zinapanda vilima vya Nyambene huko Meru, kutoka Maua kwenda Laare, na ukiteremka hadi Embu hukosi kuona moja imeegeshwa kando ya shamba la kahawa ikisubiri wa kuifufua. Wengi husema gari hili halishiki kutu kwa sababu bodi yake ni ya alumini. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, ndipo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa alumini. Lakini chesisi, pamoja na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ni vya chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye maji, umeme mdogo hupita kati yake na alumini huliwa polepole mpaka igeuke unga mweupe. Nako Meru na Embu maji hayakosekani: mvua za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba, na udongo mwekundu unaojibana kwenye pembe na kukaa na unyevu wiki nzima.

Basi fundi aanze kwa kuchokonoa. Bisibisi ikizama pale dereva anapowekea miguu, bati hilo likatwe, lichomelewe jipya. Kisha msasa hadi chuma kiwe cheupe, praima ya epoksi, iachwe ikauke, ndipo sila ya poliuretheni ipakwe na kushindiliwa kwa kidole ndani ya ungio. Rangi huja mwisho. Sila iliyopakwa juu ya kutu huifungia kutu ndani, nayo huendelea kula bila kuonekana.

Filla si sila. Filla hukauka ikawa ngumu, na bodi ya Land Rover inapojipinda kwenye makorongo, hupasuka na kunyonya maji. Silikoni ya madirisha ni mbaya zaidi: haishiki rangi, na ile inayonuka siki hutoa asidi inayochokoza chuma. Mimi singeiruhusu iingie gereji ya bodi.

Wakati wa kazi nao una maana. Asubuhi za Meru bati huwa na umande usioonekana. Pitisha kiganja, na kikitoka na ubaridi wa maji, subiri jua. Mahali alumini inapokutana na chuma, paka sila pande zote mbili kabla ya kufunga bolti, ili metali zisigusane. Matundu ya chini ya milango yaachwe wazi, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapotokea.

Ukipeleka gari gereji, mwombe fundi akuonyeshe kila ungio likiwa chuma kitupu kabla hajalifunika, na upige picha.