BILULA MPYA, MAJI HABA

Jambo moja huwashangaza wengi katika nyumba zetu. Bilula kuukuu ya bafuni, iliyokuwa ikivuja usiku kucha, huondolewa. Mpya inayong'aa kama fedha hutiwa mahali pake. Na pale watu wote wanapotazamia maji yatoke kwa nguvu, hutoka uzi mwembamba usiotosha hata kunawisha uso wa mtoto.

Tuchukue mfano wa askari polisi akaaye na mkewe na watoto wanne katika kota za mjini Kampala. Amepewa likizo ya siku tatu, na ya nne atarudi zamuni, mbali na nyumbani. Fundi ameutazama ule uzi wa maji, akatikisa kichwa, akasema kuwa bomba lote limeoza na sharti ukuta uvunjwe. Fedha anazotaka ni zile zile walizoziweka kwa karo ya shule.

Bwana ayaona hayo kuwa mashauri ya mjuzi. Lakini mkewe auliza: "Baba watoto, jana maji yalikuwa yakitoka vizuri. Je, bomba limeoza kwa usiku mmoja?"

Swali hilo, ndugu msomaji, lina thamani kuliko spana. Kutu hula bomba kwa miaka mingi. Maji yakipungua siku ile ile bilula ilipobadilishwa, sababu yapasa kutafutwa kwanza katika kazi iliyofanyika siku hiyo.

TUPIME KABLA YA KULAUMU

Twaa dumu la lita 20, uliweke chini ya bilula, ufungue maji yote na kutazama saa. Likijaa kwa dakika 2, wapata lita 10 kila dakika, na hayo yatosha nyumba. Likijaa kwa dakika 8, wapata lita 2 na nusu tu. Andika hesabu hiyo, ili baada ya kila hatua ujue kama umesogea mbele au umebaki ulipokuwa.

Kisha fungua bilula ya jikoni na umwulize jirani. Ikiwa maji ni haba kote, bilula yako haina hatia. Kampala ni mji wa vilima, na nyumba iliyo juu ya kilima hupata msukumo mdogo kuliko iliyo bondeni, hasa asubuhi na jioni watu wote wanapochota. Lakini ikiwa jikoni maji yanatoka kwa nguvu na bafuni hayatoki vizuri, basi ugonjwa umo bafuni.

KOKI ILIYOSAHAULIWA

Kabla ya kubadilisha bilula fundi hufunga koki ya bomba. Akimaliza, mara nyingi huifungua nusu tu kwa haraka ya kwenda zake. Ifungue mpaka mwisho, kisha uirudishe nyuma robo mzunguko, ili isigande ikakataa kufungwa siku ya dharura. Ikiwa koki ni ya zamani na mpini wake wazunguka bure bila maji kubadilika, yawezekana kizibo cha ndani kimekatika na kuanguka katika njia ya maji. Koki hiyo haina budi kubadilishwa.

KICHUJIO CHA MDOMONI

Bilula nyingi za siku hizi zina kichujio kidogo mdomoni, chenye wavu mwembamba wa kulainisha maji. Bilula za zamani hazikuwa nacho. Bomba la chuma likitikiswa kwa spana, magamba ya kutu yaliyolala ndani yake kwa miaka huamka na kusafiri na maji mpaka kwenye wavu huo. Hapo hukutana na vipande vya utepe mweupe na nyuzi za katani zilizotumiwa kuzibia maungio.

Ziba tundu la beseni kwa kitambaa, vipande visije vikatumbukia. Funika mdomo wa bilula kwa kitambaa kingine, ukifungue kichujio kwa mkono. Kikikataa, tumia spana kwa upole. Kumbuka mpangilio wa vipande vyake. Kisugue kwa mswaki wa zamani, na kikiwa na ukoko mweupe wa chokaa, kilaze katika siki kwa muda wa saa moja. Kabla ya kukirudisha, fungua maji yapite kwa dakika moja na kutoa taka iliyobaki.

BOMBA LISEME LENYEWE

Ikiwa kichujio ni safi na maji bado ni haba, liko jaribio moja litakalomaliza ubishi. Funga koki, fungua ungio linaloshika bilula, uelekeze mdomo wa bomba ndani ya ndoo, kisha mtu mwingine aifungue koki polepole.

Maji yakifoka kwa nguvu, bomba ni zima na kosa limo katika bilula au katika kuifunga. Tazama kama mpira wa ungio umekaa upande na kuziba tundu, kama utepe umezidi ukaingia ndani, au kama bomba la mpira limepindwa na kujikunja. Maji yakitoka kwa unyonge kutoka kwenye bomba tupu, na koki ni nzima, hapo ndipo fundi aweza kuzungumza juu ya bomba lililojaa kutu.

NYUMBA YENYE TANGI

Nyumba zinazopata maji kutoka tangi la juu zina jambo lao. Kimo cha maji cha meta 10 hutoa msukumo wa takriban bar 1. Maji ya tangini yakiwa meta 2 juu ya bilula, msukumo ni kama bar 0.2 tu. Bilula nyingine za kisasa, hasa zile za kuzungusha robo tu, zina njia nyembamba na zimetengenezwa kwa msukumo wa bar 1 au zaidi. Hakuna spana itakayoiponya bilula ya namna hiyo. Kabla ya kununua, soma maandishi ya paketi, uchague iliyotengenezwa kwa msukumo mdogo.

Tena, tangi likiwa limekauka wakati wa kazi, hewa huweza kunaswa katika bomba na kuyazuia maji. Jaza tangi, ufungue kwanza bilula iliyo chini kuliko zote, kisha nyinginezo, uziache mpaka zikome kutema hewa.

UKUTA WASALIMIKA

Turudi kwa wale wawili. Bibi ameshika kichujio juu ya kiganja, na ndani yake mna gamba la kutu lililo sawa na ukucha wa mtoto pamoja na uzi wa katani. Wakakisafisha, wakapima tena: dumu lajaa kwa dakika 2. Kazi yote ilichukua nusu saa, na karo ingali salama sandukuni.

Tusiwadharau mafundi, kwani bomba lililooza kweli ni kazi yao, na nyumba ya serikali haivunjwi ukuta bila idhini ya ofisi inayoisimamia. Lakini fundi aulizwe sababu, na aombwe kuonyesha maji yakitoka kwenye bomba tupu kabla nyundo haijainuliwa.

Jambo la mwisho lawahusu hasa walinzi wa usalama. Wewe ndugu huitwa usiku na kuondoka pasipo kujua siku ya kurudi. Kabla hujavaa viatu, mwonyeshe mkeo na watoto wakubwa mahali ilipo koki ya nyumba, kila mmoja aifunge na kuifungua kwa mkono wake. Bomba likipasuka nawe uko mbali, mkono wa aliyebaki nyumbani ndio utakaoiokoa nyumba.