Maji Moto kwa Nguvu za Jua: Kuutunza na Kuutengeneza Mtambo wa Nyumbani

Juu ya mapaa mengi ya miji ya Afrika Mashariki huonekana bapa jeusi lililofunikwa kioo, na juu yake tangi. Mwenye nyumba huufurahia mtambo huo siku unapofungwa, kisha huusahau hadi asubuhi moja maji yatokapo ya baridi. Hapo fundi huitwa, na fundi asiyeuelewa aghalabu hushauri bapa zima libadilishwe. Gharama hiyo yaweza kuepukwa mara nyingi, kwani kasoro zilizo nyingi hutambulika kwa kiganja cha mkono, kipimajoto, na fizikia ifundishwayo katika shule za sekondari.

Ndani ya bapa mna bamba la shaba au alumini lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa na kushikamanishwa na mabomba membamba. Bamba hupokea mwanga na kuugeuza kuwa joto. Kioo huuruhusu mwanga kuingia lakini hulizuia joto lisitoke. Maji yakipata moto hutanuka. Lita moja ya maji yenye digrii 20 za Sentigredi ina gramu 998, hali ile ya digrii 60 ina gramu 983. Tofauti hiyo ya gramu 15 ndiyo injini nzima ya mtambo: maji mepesi hupanda tangini, mazito hushuka hadi mguuni mwa bapa, na mzunguko huendelea bila pampu maadamu jua linawaka. Lakini nguvu iliyo dhaifu kiasi hicho huzuiliwa na kizuizi kidogo tu, na humo ndimo yatokamo maradhi mengi ya mtambo.

Kabla ya kutafuta kasoro, yafaa kujua mtambo unapaswa kutoa nini. Bapa la meta 2 za mraba, siku ya jua zuri, hupokea nishati ya kilowati-saa 10 hivi, na yapata nusu yake huingia majini. Kilowati-saa 5 ni kilojuli 18,000. Kuzipandisha lita 150 za maji kwa digrii moja kwahitaji kilojuli 630. Kwa hiyo maji yatapanda digrii 28 na ushei, yaani kutoka 22 hadi kama 50. Mtu aliyeliunganisha bapa hilo hilo na tangi la lita 300, kisha akalalamika kwamba maji ni vuguvugu, hana mtambo mbovu bali ana hesabu mbovu.

Sasa na tupande juu ya paa, saa sita mchana, kabla maji hayajatumiwa. Gusa kwa hadhari bomba litokalo juu ya bapa na lile liingialo chini. La juu likiwa la moto na la chini vuguvugu, maji yanazunguka. Ikiwa bapa linaunguza lakini bomba linapoingia tangini ni la baridi, mzunguko umekatika. Mshukiwa wa kwanza ni hewa. Maji yapashwapo moto hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, na bomba likiwa na kigongo mahali popote, viputo hukusanyika hapo na kuziba njia. Nimewahi kuona bapa jipya limekwisha kununuliwa, kumbe bomba la zamani lilikuwa limekanyagwa na mtu aliyepanda kuziba paa. Dawa yake ni kuitoa hewa kwa kulegeza kiungo cha juu, asubuhi na mapema bapa likiwa baridi, kisha kulitegemeza bomba lipande moja kwa moja hadi tangini.

Mshukiwa wa pili ni chokaa. Wakazi wa mahali penye maji magumu ya visima huujua ukoko mweupe wa ndani ya birika. Bikaboneti ya kalsiamu iliyoyeyuka majini huvunjika kwa joto na kuacha kaboneti ya kalsiamu, na mabomba membamba ya bapa huzibwa vivyo hivyo. Funga maji, lifunike bapa kwa turubai, litoe maji, ulijaze siki au maji yaliyotiwa asidi ya sitriki, ile iliyomo katika ndimu. Viputo vya kaboni dayoksaidi vitaonyesha kwamba kazi inafanyika. Baada ya saa chache suuza vizuri. Asidi ya betri isitumiwe kamwe. Itayala mabomba pamoja na ukoko.

Maji yakiwa moto jioni na baridi alfajiri, ingawa hayakutumiwa, tazama kimo. Usiku bapa hupoa, na tangi lililowekwa chini mno huyarudisha maji yake bapani yakapoe huko. Kitako cha tangi kiwe juu ya ncha ya bapa kwa sentimeta 30 hivi. Kimo kikiwa sawa, chunguza kizuia joto kilicholizunguka tangi. Kikilowa hakifai tena.

Kioo kioshwe alfajiri, kwa kuwa maji baridi juu ya kioo cha moto huweza kukipasua. Ndani ya tangi la chuma mna fimbo ya magnesiamu iliyowekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Ikaguliwe kila mwaka au miwili. Vali ya usalama inayodondosha maji isizibwe kwa hali yoyote, maana tangi lisilo na pa kupumulia huweza kupasuka.

Wakazi wa nyanda za juu, kama Kitulo, wana adui mwingine: jalidi. Maji yagandapo hutanuka kwa karibu sehemu 9 katika 100, na bomba la shaba halistahimili. Mwaka 1913 baridi kali ilishuka kusini mwa California na kupasua mabomba ya mitambo iliyouzwa na William J. Bailey. Tangu hapo Bailey alizungusha bapani mchanganyiko wa maji na alkoholi, ukapita katika koili ndani ya tangi na kulitoa joto lake humo bila kuchanganyika na maji ya kuoga. Asiye na mtambo wa namna hiyo hana budi kulitoa bapa maji jioni ya usiku wa jalidi, na kulijaza tena asubuhi jua likichomoza.