Mashine Hufundishwa na Nani? Somo kutoka kwa Timnit Gebru

Mtu akitembea Malakia, mmoja wa mitaa mikongwe ya Juba, husikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kiingereza, na pia Kiswahili cha watu waliokulia ukimbizini Kenya na Uganda. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kukifundisha Kiswahili hapa imeongezeka. Mwanafunzi mwenye simu sasa aweza kuiuliza akili bandia, ambayo wengine huiita akili unde au akili mnemba, imsahihishie insha. Kabla hatujamruhusu au kumkataza, hatuna budi kuuliza: mashine hiyo imefundishwa na nani?

Swali hilo ndilo lililompa umaarufu Dkt. Timnit Gebru. Alizaliwa Addis Ababa kwa wazazi wenye asili ya Eritrea. Vita kati ya Ethiopia na Eritrea vilimlazimu kuondoka angali kijana, akapata hifadhi Marekani. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017, na mwaka huohuo yeye na Rediet Abebe, Mwethiopia mwenzake, walianzisha Black in AI, jumuiya ya wataalamu weusi wa fani hii.

Ili tuielewe kazi yake, tukumbuke kwamba akili bandia haizaliwi na ujuzi. Hupewa mifano mingi ya picha, sauti au maandishi, nayo hutafuta mambo yanayojirudia. Kile ambacho haikuonyeshwa vya kutosha, hukikosea. Mwaka 2018 Gebru na Joy Buolamwini walipima programu tatu zinazokisia jinsia ya mtu kwa picha ya uso. Walitumia nyuso 1,270 za wabunge wa nchi tatu za Afrika, Rwanda ikiwemo, na tatu za Ulaya. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Msomaji wa Juba hahitaji kufafanuliwa uzito wa tarakimu hizo.

Mwaka 2018 Gebru alijiunga na Google, akawa mmoja wa viongozi wawili wa kikundi cha maadili ya akili bandia. Aliondoka Desemba 2020 baada ya mvutano kuhusu makala iliyoeleza hatari za mashine kubwa za lugha. Yeye alisema amefukuzwa. Kampuni ilisema amejiuzulu. Desemba 2021 alianzisha DAIR, taasisi huru ya utafiti.

Kwetu sisi walimu, yaliyozipata nyuso huweza kuzipata lafudhi. Mashine iliyolishwa zaidi Kiswahili cha magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam huenda isimsikie vyema kijana wa Malakia, kisha lawama ikamwangukia yeye. Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila sahihisho la mashine lipimwe darasani kwa kamusi na sarufi, wanafunzi waseme lipi ni kosa na ipi ni lahaja. Pili, wanaopenda wachangie sauti zao katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao hukusanya pia Kiswahili. Tusipoipa mashine sauti za Malakia, itaendelea kuwasahihisha watu ambao haijapata kuwasikia.